Mikono ya Pitchou

Benchi letu liko pembeni ya robot, yaani taa za barabarani, hapa Marshalltown, na kahawa nachemsha mimi, Tumu, kwa hiyo upuuzi wote wa mtaa huu unapitia masikioni mwangu bure. Sheria ya benchi ni moja: ukifika, unampa kila mtu mkono. Ukimruka mmoja, ananuna wiki nzima. Jioni ile akafika Pitchou, mlinzi wa mapokezi kwenye jengo la maofisi hapo jirani. Akampa mkono Ruphin kinyozi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Akampa Muhammad fundi cherehani, jina la benchi Kesi. Akanipa na mimi. Halafu akakaa kumngoja mkewe, Annick, ambaye kila jioni humwachia mtoto hapa kabla ya kuingia zamu yake ya usafi.

— Leo imekuja bahasha ya bosi, Pitchou akasema. Nzito, gundi tele, jina la aliyetuma hakuna. Nimeishika tu, ikanimwagikia unga mweupe.

— Ukaifanyaje? nikauliza.

— Nikaitia kwenye droo. Nikafuta kaunta, zamu ikaisha, nikatoka.

— Hujamwambia mtu?

— Nimwambie nani, Dada Tumu? Kibali changu cha kuishi hapa kimekwisha. Polisi wakija, wa kwanza kuulizwa ni mimi.

Redio akaangua kicheko.

— Papa Pitchou, unatetemeka juu ya unga wa fufu? Mutu ametumiwa chakula na mama yake, njo vile tu!

— Bosi gani anatumiwa fufu kwa bahasha? akasema Kesi. Hiyo ni dawa ya mganga. Kuna mtu anakitaka kile kiti.

— Mganga hatumii posta. Basi ni vidudu vya maabara! Vinafugwa ndani ya chupa huko ng'ambo.

— Na vimetumwa makusudi vipokelewe na mgeni, Redio, ili wageni wote tufukuzwe.

— Eish! Kesi, hapo umesema!

— Kujua ni rahisi. Kesho Pitchou ailete hapa, tuinuse.

— Ailete wapi? nikafoka. Kwenye kahawa yangu? Nyie mna akili timamu kweli?

Wakacheka, wakaomba niwaongezee.

Annick akatokea mbiombio, Chloé mgongoni. Akafungua kitenge, akamsogeza mtoto kwa baba yake. Chloé akatanua mikono na kucheka. Pitchou akasimama kumpokea.

— Umenawa? Annick akauliza.

Ni swali lake la kila siku, maana yule mtoto ana tabia ya kunyonya vidole vya baba yake. Redio akatazama kiganja chake. Kesi alikuwa ameshauma kashata, akaitema.

— Usimguse! nikapiga kelele. Mama Chloé, rudi nyuma na mtoto!

Nikamweleza kwa kifupi. Akarudi mpaka ukutani, amemkumbatia mtoto. Mimi nikashika simu. Nilidhani Pitchou atanizuia.

— Piga, akasema. Na jina langu uwape. Kuna mlinzi wa usiku, anaweza kuifungua ile droo.

Mwanamke wa polisi aliyepokea alikuwa mtulivu kuliko sisi. Bahasha isiguswe wala kunuswa. Chumba kifungwe, feni izimwe. Yeye atawapigia wa jengo. Pitchou anawe kwa sabuni na maji ya kutiririka, avue zile nguo azifunge kwenye mfuko. Na sisi tunawe, tubaki palepale. Nikamimina dumu langu lote juu ya mikono yao na yangu. Maji ya kahawa yakaishia hapo, na hakuna aliyelalamika.

— Sasa muulize, yule mwanamke akasema. Toka kazini mpaka hapo, ameshika mikono ya watu wangapi?

Nikamuuliza. Pitchou hapiti mtu bila kumsalimia, ndiyo maana tunampenda. Akaanza: muuza ndizi, mchungaji wake, madereva wa teksi, watoto wa duka la spaza... Akatuangalia kama sisi tunajua waliobaki. Hatukujua.

Ukutani, Chloé alikuwa bado anamnyooshea mikono, sasa analia. Pitchou akaificha yake nyuma ya mgongo, na yeye akalia.