Mzee Masizi na Grafini Yake

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa. Alikawia kulia, na mama yake alisema hapo ndipo alipoanza kuwatia watu wasiwasi.

Alisoma shule ya bweni, na mwaka 1983 akahitimu shahada ya kemia. Darasani aling'ara, kukunja shuka kulimshinda.

Alifanya kazi maabara ya chuo kikuu maisha yake yote. Miaka ya mwisho alitengeneza grafini, yaani kaboni iliyochambuliwa ikawa tabaka nyembamba mno, ya kupaka kwenye elektrodi za kuhifadhia umeme. Ukiikausha kwa joto, tabaka hugandamana, kazi yote bure. Sharti igandishwe kwanza, ndipo ikaushwe ingali barafu. Friza ya maabara ilipokufa, alihamishia trei zake kwenye friza ya mkewe jikoni bila hata kuuliza. Mama mkwe alipokuja kuwatembelea, kwa wema wake akasafisha friza.

"Mama, ile nyeusi iko wapi?"

"Ile iliyooza? Nimeimwaga, baba. Mnaishije na uchafu ule?"

Marehemu akasema, "Ahsante, mama," akaenda kujifungia bafuni mpaka chakula kikapoa.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na mwalimu wa hesabu. Alifika harusini amechelewa, kola ina alama za vidole vyeusi kwa masizi ya maabara, na jina la Masizi likamganda. Alipoanza kazi ya grafini, alimwahidi mkewe kwamba elektrodi ikitunza chaji vizuri atastaafu, wakae pamoja. Mke akangoja. Kila akiuliza, jibu lilikuwa "bado kidogo."

Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimwambia apumzike. Akaenda kupumzikia maabara. Mkewe alimfuata.

"Baba watoto, twende nyumbani. Utafia hapa!"

"Ngoja hii imalize kuchaji."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Kauli hiyo inamuuma mkewe mpaka leo. Marehemu alifariki hospitalini tarehe 3 Aprili 2023, na elektrodi ilikuwa bado inavuja chaji. Mjane amemkasirikia na anamlilia, yote kwa pamoja.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu, dada yake anayesoma wasifu huu, na wanafunzi wake. Enyi wanafunzi, mjane anasema kazi iendelezeni, lakini jioni rudini nyumbani. Kuna watu wanawangoja.

Mungu amlaze pema, apumzike kwa amani. Safari hii hana ruhusa ya kukataa.