Goti la Philemoni na masika yaliyogoma

Enzi za Mwingereza, ukitoka soko la Arusha kuelekea Kijenge, ulikutana na benchi la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka la nguo. Mikidadi, mtu wa Pangani aliyekuja bara na dele lake la kahawa, aliweka jiko pembeni ya benchi hilo na hakuhama tena. Mwaka mmoja masika yaligoma. Machi ilipita kavu, Aprili ikaingia na vumbi lake, na Mlima Meru ukabaki uchi toka chini hadi kileleni, hauna hata kiwingu cha kujistiri. Pale benchini hakuna aliyepata taabu kama Philemoni, fundi mwashi, ambaye watu walimwita Goti. Goti lake la kulia lilikuwa likiuma kabla ya mvua, na nusu ya Kijenge haikupanda mahindi mpaka liume. Nyumbani kwake ilibaki mbegu debe moja tu. Mkewe, Hedwiga, alitaka kuipanda. Yeye akamkataza, akamwambia asubiri goti.

Sasa goti lilikuwa linauma. Shida ni kwamba juzi punda alimpiga teke sokoni, palepale gotini, na hakuna aliyeona. Philemoni hakujua kinachouma ni mvua au ni punda.

— Goti, linasemaje leo? aliuliza Omary, utingo wa lori, mtu asiyejua kunong'ona.

— Linafikiria, akajibu Philemoni.

— Lifikirie upesi, alisema Parsimei, dalali wa ng'ombe, Mwarusha mwenye shuka na fimbo yake. — Ng'ombe wangu wamebaki mbavu. Mnunuzi anawahesabu mifupa kwa mbali.

— Mnahangaika bure, alisema Omary. — Mvua haijachelewa. Imechukuliwa.

— Na nani?

— Mwingereza! Muulize askari yeyote aliyerudi vitani. Kule kwao inanyesha kila siku ya Mungu. Umeshajiuliza wameipata wapi?

Mikidadi akaacha kumimina. — Wanaichukuaje, bwana we?

— Kwa kopo, alidakia Parsimei. — Lile la bati la kukingia mvua, kwa mzungu wa shamba la kahawa kule juu. Kila asubuhi anachungulia ndani, anatikisa kichwa. Kopo tupu unalichungulia la nini?

— Kopo lenyewe dogo, akasema Mikidadi.

— Ndama naye mdogo, na anamaliza chuchu zote nne.

— Haya, wameikamata, alisema Mikidadi. — Inafikaje Ulaya?

Omary alikuwa akilingoja swali hilo. — Treni! Yale mabehewa yanatoka stesheni kwenda kwenye meli, yamefunikwa turubai. Kuna nini mle?

— Mkonge, akasema Philemoni.

— Mkonge unavuja? Mimi mwenyewe nimeona behewa linadondosha maji!

— Ndiyo maana mlima uko uchi, alisema Parsimei kwa huzuni ya kweli kabisa. — Wamemvua blanketi mzee wa watu, wamelikunja, wamelipakia.

Wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Philemoni naye alicheka, lakini moyo wake haukucheka. Akisema pandeni, kumbe ni punda, mbegu ya Kijenge nzima italiwa na mchwa mavumbini. Akinyamaza, kumbe ni mvua, msimu utawapita wakiwa wamekaa. Kuzungumza habari za treni kulikuwa na nafuu.

— Hebu tulione hilo goti, alisema Omary, na kabla Philemoni hajasogea, suruali ilishapandishwa. Goti lilikuwa limevimba kama boga.

— Lahaula! Hiyo si mvua, hayo ni mafuriko!

— Mikidadi, hamisha jiko! alidakia Parsimei.

Philemoni akataka kumtaja punda. Badala yake akaishusha suruali.

Wakati huohuo Hedwiga akatokea upande wa Kijenge, jembe begani, vumbi limempaka miguu mpaka magotini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, Mama Aikaeli. Karibu kahawa.

— Ahsanteni, sikai. Nina swali moja tu. Kati yenu, nani ameshika jembe tangu Jumapili?

Parsimei aliitazama fimbo yake. Omary aliitazama barabara ya Moshi, kana kwamba lori linamwita. Mikidadi alipuliza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

— Baba Aikaeli, akaendelea Hedwiga kwa upole, — nimepanda nusu debe jana.

— Kwenye vumbi? Bila kuniuliza?

— Ningekuuliza wewe, nawe ungeliuliza goti. Nusu nyingine nimeiweka, hii ikifa tujaribu tena. Lakini mashimo yake hayajachimbwa, na mgongo umenishinda.

Philemoni alijisikia mdogo, halafu akajisikia mwepesi. Alikuwa ameubeba msimu mzima peke yake, kumbe mtu alikuwa ameshaugawa nusu kwa nusu. Akainuka akichechemea.

— Jamani, alisema, — goti hili limepigwa na punda. Kila mtu akafanye anavyoona.

Akachukua jembe begani kwa mkewe, wakaondoka. Nyuma yake alimsikia Omary akiuliza punda yule ni wa nani, na kama ametumwa.

Mvua ilikuja wiki iliyofuata, mchana, bila kumwambia mtu. Mchwa walikuwa wameshajipatia sehemu yao, lakini mahindi ya Hedwiga yalitoka, mistari yenye mapengo kama meno ya mtoto, na nusu ya pili ikaenda kuyaziba. Siku ile mvua ilipokuja, wazee walibanana chini ya bati la duka, wameloa.

— Wameirudisha! alipiga kelele Omary. — Wamesikia tumewagundua!

— Meli imezidiwa uzito, alisema Parsimei.

— Philemoni, ulijua? aliuliza Mikidadi.

— Sikujua kitu, alijibu Philemoni, mikono imejaa malengelenge. — Nimiminie kahawa.

Mikidadi akalitikisa dele. Tupu. Pipa lake la maji lilikuwa ng'ambo ya barabara, mvua inamwagika kama imepasuka. Wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake ajitolee kwenda kuyachota.