Chasib Mizhir na Basi la Wagonjwa wa Figo

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Fundi Chasib Mizhir anastaafu kazi ya viyoyozi katika gereji yetu ya magari ya wagonjwa hapa Basra. Sherehe ni saa nne asubuhi. Tumemwomba aje na shati safi, hajaahidi. Ninapoandika haya namwona dirishani, kichwa kimezama kwenye injini ya gari ambalo hakuna aliyemtuma alishike.

Hakuna aliyewahi kumwona Chasib ameketi mpaka akamaliza chai. Huinywa akitembea, na nusu yake humwagika njiani. Tunamwita Feni.

Aliajiriwa kama dereva. Kiangazi chake cha kwanza kilimchosha, gari lake likiwa na joto kuliko lami, basi akalifungua mwenyewe. Mkuu wa wakati huo alikuta vyuma vimetandazwa juu ya blanketi, akafoka: "Lirudishe lilivyokuwa, ama utalala humo humo!" Chasib akalirudisha, likiwa na baridi. Hakuendesha tena, akahamishiwa gereji.

Madereva wote wanayajua mafundisho yake kwa moyo. "Kiyoyozi hakipiki baridi," husema. "Kinabeba joto la ndani kwenda kulimwaga nje. Kikishindwa kubeba, au kikishindwa kumwaga, umeokwa." La pili: "Gesi si petroli, hailiwi. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Tafuta tundu kwanza."

Hata hivyo, kuna kiangazi kimoja ambacho mwenyewe aliyasahau, na ametaka kisifichwe.

Basi letu huwachukua wagonjwa wa figo kutoka Abu al-Khasib kwenda hospitali kusafishwa damu. Dereva wake, Lafta, alianza kulalamika kwamba wakitoka baridi ipo, wakifika katikati ya njia inakata na inatoka hewa ya moto. Chasib aliliwasha basi kivulini, akaweka mkono kwenye tundu la hewa, akasikia baridi ya kuuma mifupa.

"Lafta, mgonjwa ni wewe, si basi," akamwambia mbele ya watu.

Akaongeza gesi kidogo ili amnyamazishe. Malalamiko yakarudi, akaongeza tena. Gesi ikizidi, kompresa, ile pampu inayoizungusha, husukuma kwa taabu, kwa hiyo basi likazidi kuwa baya.

Ikafika Agosti, unyevu umejaa hewani hata nguo hazikauki. Siku hiyo Mama Hatim, mgonjwa aliyeuza mkate wa tanuri tangu ujana wake, aliamuru basi lisimame.

"Mama, hatujafika," Lafta akamsihi.

"Tanuri mimi nalijua, mwanangu, usinifundishe. Sikuzaliwa nije kuwa mkate. Nishushe nikafie kwangu kivulini."

Akashuka, mwanawe akaja kumchukua. Safari iliyofuata hakuwepo kituoni.

Mimi ndiye mpangaji wa safari, kwa hiyo mimi ndiye niliyeipeleka habari hiyo gereji. Chasib aliangusha spana. Mgonjwa wa namna ile asiposafishwa damu hana siku nyingi, nasi sote tulilijua hilo. Hakula. Alilizunguka basi kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Mwisho akamwendea Lafta.

"Ndugu yangu, nionyeshe."

"Kwani leo mimi si mgonjwa tena?"

"Leo mgonjwa ni mimi. Washa twende."

Wakatoka jua la utosi, basi tupu. Hewa ilipogeuka moto, Chasib alimwambia Lafta asimame bila kuzima injini, akafunua boneti. Mkanda ulikuwa unazunguka, puli inazunguka, lakini bamba la klachi, linalopaswa kunasa kwenye puli ili kompresa izunguke, limesimama kimya. Umeme ulikuwa unafika. Akamimina maji kidogo juu ya klachi. Ilipopoa ikanasa kwa kishindo, na baridi ikarudi. Chasib akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Klachi ilikuwa imechakaa, na nafasi kati ya bamba na sumaku ya umeme inayolivuta imepanuka. Sumaku ikiwa baridi ilivuta. Ikipata moto nguvu zilipungua, ikaachia. Kivulini kwetu haikuwahi kupata moto wa kutosha kuonyesha ugonjwa wake.

Aliondoa washa moja, kipete chembamba cha chuma, nyuma ya bamba ili kupunguza ile nafasi, akatoa gesi yote aliyoizidisha, akalirudisha basi njiani mpaka alipoamini. Kabla jua halijazama alikuwa mlangoni kwa Mama Hatim, na grisi zake mwilini.

"Nani?"

"Fundi wa tanuri, mama."

"Umekuja kunitia hamira?"

"Nimekuja kuomba radhi. Dereva alisema kweli, nikambishia."

"Na kesho likikata?"

"Nitakuwemo. Likikata, tunashuka wote."

Kesho yake mama alipanda. Chasib alisimama kando yake, mkono kwenye tundu la hewa, akihama mguu huu na huu. "Keti, unanitia kizunguzungu!" mama akamkemea. Walipopita pale pa kukatia, baridi ikaendelea. Mama akajifunika shungi. "Punguza, jamani, naganda." Lafta anaapa kwamba Chasib alilia. Chasib anasema lilikuwa jasho. Lafta huuliza: jasho, ndani ya baridi ile?

Mama Hatim aliishi miaka mingine mingi, na alipofariki Chasib alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Tangu kiangazi kile, gari likilalamikiwa hapa, fundi hupanda na dereva adhuhuri, kwenye njia ileile.

Agosti iko mlangoni. Nimeshazipanga safari za basi la figo, na moyo wangu hautulii. Mkewe naye hatulii: wiki iliyopita Mama Sundus alinipigia simu akiuliza kama tungeweza kukaa na mumewe mpaka msimu wa baridi, kwa sababu friji yake imeshafunguliwa vyuma mara mbili na haikuwa na ubaya wowote.

Baba Sundus, ahsante kwa kila mgonjwa aliyefika akiwa na nguvu za kukutania. Mungu akupe umri mrefu, afya, na kitu cha kutengeneza kila asubuhi, maana bila hicho hamtapona, wewe wala mkeo.

Hanaa Sabti, mpangaji wa safari