Historia ya Marehemu Baba Yetu, Daktari wa Macho, na Jicho la Kushoto la Mama

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti yake wa kwanza, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba, naomba mnivumilie, maana aliyezoea kusifiwa leo hatasifiwa sana.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto pekee wa mshona viatu. Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akashika namba moja kila mwaka isipokuwa darasa la tano, na aliyemshinda mwaka huo hakusemeshwa naye mpaka walipomaliza shule. Alihitimu udaktari mwaka 1978, akabobea katika upasuaji wa macho, akaajiriwa hospitali kuu, ambako wenzake walimbandika jina la Mkono Mwepesi, jina alilolipenda kuliko la kwake.

Tarehe 14 Desemba 1980 alimwoa mama yetu, mwalimu wa hesabu, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa sisi watoto watatu, ambao alituita wavivu kwa zamu.

Tarehe 6 Juni 2011 alimpasua mama jicho la kushoto, lililokuwa limeingia ukungu, ili ambandike utando wa ndani wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, uliotolewa kwa mtu aliyefariki. Miaka hiyo wenzake walikwisha kuanza kuvuta utando wa namna hiyo kwa uzi hadi ndani ya jicho, ukiteleza juu ya kipande cha plastiki, usiminywe popote, lakini baba aliwaambia, "Hizo ni fimbo za vipofu, mimi nina mkono," akaukunja kama barua, akaubana kwa kibano, akausukuma kwenye tundu la milimita tatu, ukakwama, akautoa, akausukuma tena, ukafunguka umegeuka juu chini. Muuguzi aliyempa vifaa alisema, "Daktari, umegeuka," akajibiwa, "Wewe hesabu pamba zako."

Utando uliogeuka haushiki, na jicho lile likazima. Baba akatangaza kwamba mama alikataa kulala chali siku mbili, kama alivyotakiwa ili kiputo cha hewa kilichoachwa jichoni kiushikilie utando, akamwita mkaidi mbele ya wageni na wakwe, nasi tukamwamini, hata mimi niliyemlisha kwa kijiko akiwa chali, nikamfokea, "Kulala tu, mama, kulala tu kumekushinda?"

Mwaka 2017 yule muuguzi alistaafu, akaja sebuleni kwetu akasema yote, baba akamwambia, "Toka," akarudi kwenye gazeti lake. Februari 2018 daktari wa hospitali nyingine, mwanamke mpole, alimpasua mama upya kwa njia ile ya uzi, na sasa anaona, lakini siku ya kutoka hospitali baba hakwenda kumchukua.

Baba aliugua figo kuanzia Oktoba 2022, mama akamuuguza yeye mwenyewe. Tarehe 28 Aprili 2024 baba aliniita kitandani kwake, akasema, "Andika, mama yako alilala chali." Nikamuuliza, "Mwenyewe umemwambia?" Akageukia ukutani, na tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi, akafariki. Nilipomsomea mama maneno hayo, alisema, "Alinivunjia heshima mbele za watu, basi na hili lisomwe mbele za watu."

Tunawashukuru madaktari wa figo, majirani waliobeba viti, na yule muuguzi, aliyesimama pale mlangoni. Ninyi wafanyakazi wenzake, tunawashukuru kwa maua, lakini mlijua miaka sita mkanyamaza, na hilo hatuna shukrani yake.

Baba, mama ameniagiza niseme kwamba bado hajakusamehe, wala mimi sijajisamehe, ila maumivu yako yamekwisha, basi lala kwa amani.