Mzee Kizingiti, Msukuma Machela

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Daftari la ubatizo linasema tarehe 17. Mama yake alishikilia 14, akisema karani hakuwapo chumbani. Tumemfuata mama.

Alianza shule Januari 1965, akaiacha mwaka 1971 baba yake alipofariki, ili mdogo wake wa kiume apate kuendelea. Mdogo huyo alifika hadi chuo cha ufundi.

Tarehe 2 Juni 1980 marehemu aliajiriwa hospitalini kusukuma machela, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2017. Kutoka mapokezi hadi chumba cha upasuaji palikuwa na vizingiti sita vya saruji, na aliyevunjika mguu alikihisi kila kimoja. Marehemu aliyatia magurudumu mafuta kila asubuhi. Kabla ya kila kizingiti alipunguza mwendo, akainama: “Kizingiti hapa, mama. Vuta pumzi… Haya, tumevuka.” Aliwaambia hivyo hata waliopoteza fahamu, na hata wale aliowapeleka mochwari. Mwenzake alimcheka: “Mzee, huyo hasikii tena!” Akajibu: “Kwani nimekwambia wewe?” Jina la Mzee Kizingiti likamganda. Mchungaji alipomwomba atoe ushuhuda kanisani, alisema ushuhuda wake una magurudumu manne, haupandi madhabahuni.

Alifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1982 na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Mjane anasimulia kwamba alianza kumshuku pale shuka lilelile lilipochanika mara ya tatu, mahali palepale.

Wasifu huu ungekuwa pungufu bila jambo moja, ambalo mdogo wake mwenyewe ameomba lisomwe. Mama yao alipofariki Agosti 2015, mdogo alikuwa safarini kikazi, na marehemu alizika bila kumngoja. “Hukunisubiri, kaka,” alisema alipofika, akaondoka. Marehemu hakujitetea. Aliomba radhi kwa barua, kwa simu na kwa kuwatuma wazee wa kanisa. Kwa miaka tisa mdogo wake hakukanyaga kwake.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2023. Tarehe 28 Agosti mwaka huu wa 2024 alilazwa katika hospitali yake ileile. Dada anayesukuma machela siku hizi alimtajia vizingiti njia nzima, na marehemu akamsahihisha: “Umekiruka cha nne, binti yangu.”

Jumapili tarehe 8 Septemba, saa ya kuwatazama wagonjwa, mdogo wake alifika hadi mlangoni pa wodi, akasimama. Hakuingia. Marehemu alikitambua kikohozi chake. Akamwambia mkewe kwa sauti iliyokwisha nguvu: “Ni yeye. Mwambie kuna kizingiti hapo, asijikwae.” Mkewe alipotoka, korido ilikuwa tupu. Marehemu aliomba ageuzwe, alale akiutazama mlango.

Alifariki Jumatatu, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Mdogo wake alirudi saa mbili asubuhi na mfuko wa machungwa, akiwa ameshajipangia la kusema. Alikuta kitanda kimetandikwa shuka safi. Shemeji yake akampa ule ujumbe palepale mlangoni.

Alhamisi, mwili ulipoletwa nyumbani, mdogo wake alishika jeneza upande wa mbele. Mlangoni aliwasimamisha wenzake, akainama. “Kizingiti hapa, kaka,” alisema, kisha sauti ikamkatika. Jeneza lilikuwa zito na jua lilikuwa kali, lakini hakuna aliyemharakisha. Safari hii wote tulimsubiri, hata akaweza kusema: “Haya. Tumevuka.”

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na mdogo wake.

Bwana ampokee aliyewavusha wengi taratibu, naye apumzike kwa amani.