Verna Pelkey, Aliyekisemea Kisima Chake

Marehemu Verna Pelkey alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 mjini Hadlow, jimbo la Maine, Marekani, mtoto wa kwanza wa Hector na Blanche Gagne. Mimi, Odile, ni mdogo wake, na tangu utotoni nilimjua kwa jambo moja: kunyamaza kulimshinda.

Alisoma hapa hapa Hadlow, akamaliza sekondari mwaka 1966. Mwaka 1969 aliolewa na Alcide Pelkey, wakafuga ng'ombe wa maziwa, wakajaliwa Denise na Luc. Jumamosi za chakula cha jioni kanisani, maharage ya kuoka yalikuwa yake, nayo aliyapika kwa maji ya kisima chake tu. Alijisifu nayo mpaka tukachoka.

Miaka ya themanini Alcide, kama wakulima wengi wa huku, alipokea tope la majitaka, la bure, kutoka kiwandani, akalimwaga kwenye majani ya ng'ombe kama mbolea. Wakubwa walisema ni salama. Mwaka 2019 kisima kikapimwa, kikakutwa na kemikali za sumu zisizooza. Maziwa nayo yalikuwa nazo. Ng'ombe wakaondolewa. Shemeji akajifungia ndani, akiamini amelisha kanisa zima sumu. Dada alilia sana, kisha akavaa koti.

Alikwenda bunge la jimbo, Augusta, kuunga mkono sheria ya kupiga marufuku tope lile. Taa nyekundu ya muda ilipowaka akiwa bado anazungumza, mwenyekiti akasema, "Mama, muda wako umekwisha."

"Wako labda, mwanangu. Mimi nimekamua ng'ombe maisha yangu yote bila kuwashiwa taa."

Ukumbi ukacheka. Mbunge mmoja akauliza, "Tope lenyewe alimwaga nani?" Verna akanyamaza. Alcide, aliyekuja kama dereva tu, akasimama kule nyuma.

"Ni mimi. Niliambiwa ni mbolea. Msimwache mwingine aambiwe hivyo."

Sheria ikapita Aprili 2022.

Mwaka 2023 Verna alipatikana na saratani ya figo. "Msinililie, bado naongea," alituambia. Alifariki nyumbani tarehe 17 Januari 2025, nasi tukangoja ardhi iliyoganda kwa baridi iyeyuke ili tumzike, mpaka leo, tarehe 10 Mei.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne na mimi, ninayemlilia waziwazi. Verna, lala kwa amani.

Baada ya maziko tunawakaribisha ukumbi wa kanisa. Maji yamepimwa, na maharage amepika Alcide.