Nilimwacha Beki wa Matinyani

Bwana asifiwe, ndugu zangu, asifiwe na walio mbele na sisi tunaokaa viti vya nyuma. Mimi ni Mama Mutheu, wa hapa Matinyani. Mnanijua kwa kwaya. Lakini kuna jambo moja hamlijui, na leo Mungu amenipa nguvu ya kulisema, Baba Mutheu mwenyewe akiwa amekaa pale akinisikia.

Wengi mnakumbuka vile mume wangu alicheza mpira. Alikuwa beki. Alianzia uwanja wa shule hapa, akachukuliwa na timu ya Nairobi, na akija nyumbani watu walikuwa wanatoka mashambani kumsalimia. Mimi nilimjua akiwa bado mbali, kwa mluzi wake. Alipiga mluzi kutoka mtoni mpaka langoni, na mimi nikiusikia naweka chai motoni.

Halafu siku moja akaruka kupiga mpira kwa kichwa, akagongana na mtu hewani, akaangukia mgongo. Miguu yake haikusimama tena. Watu wa timu walikuja hospitali mara mbili. Baada ya hapo tukipiga simu haishikwi. Tukarudi nyumbani na kiti cha magurudumu, na nyinyi mnajua mchanga wetu. Kile kiti kilizama hapo hapo mlangoni.

Ndugu zangu, kumgeuza mtu kitandani ili asipate vidonda, kumwosha, kumbeba, hiyo kazi niliizoea. Kitu sikuzoea ni ukimya. Mume wangu alifunga mdomo, mwaka baada ya mwaka. Redio ikitangaza mpira anasema izimwe. Wazee wa kanisa wakija kumbeba waje naye ibada, anageukia ukuta. Mutheu akifunga shule na kuja nyumbani, anamsalimia baba yake kama mgeni. Nami nikawa namtamani mume wangu, na mume wangu yuko hapo mbele yangu. Nilikuwa nateka maji mtoni na kusimama tu, nikitegea sikio, kama mjinga, labda nitasikia mluzi.

Nikachoka. Nikamwambia wifi yangu Nduku, ambaye tunakaa naye boma moja, "Nisaidie kumwangalia, naenda Makueni kuona mama. Siku tatu." Nilisema uongo. Nguo zangu zote zilikuwa kwa mkoba.

Nilikaa kwa mama wiki tano. Nilivuna ndengu, nikaenda sokoni, nikalala usingizi mzima bila kuamshwa. Mama hakuniuliza kitu. Lakini wakati wa kula alikuwa anatoa sahani moja zaidi, anaiangalia, kisha anairudisha.

Siku moja nikapeleka kiatu changu sokoni, mjini Wote, kishonwe. Fundi alikuwa mtu wa mguu mmoja, magongo yake yameegemea ukuta. Akaniangalia sana.

"Wewe si bibi ya yule beki wa Matinyani?"

Nikasema ni mimi. Akaniambia anaitwa Mutiso, zamani alikuwa mshambuliaji, na walikutana na mume wangu uwanjani mara nyingi. Goti lake liliharibika akichezeshwa kwa kudungwa sindano ya kutuliza maumivu, mwisho mguu ukakatwa.

"Anaendeleaje?"

"Yuko sawa."

"Na wewe uko huku unafanya nini?"

Akaendelea kushona, kisha akasema polepole, "Bibi yangu alisema anaenda matanga kwao. Simlaumu, mama. Nilikuwa mtu mgumu. Lakini mpaka leo upepo ukisukuma mlango, nainua kichwa."

Ndugu zangu, nilitoka pale na kiatu mkononi. Nikatembea hivyo, mguu mmoja bila kiatu, nikilia, na sokoni watu wananiangalia. Nikamwambia Mungu, sijui nitamrudia aje, lakini unipeleke. Kesho yake nikarudi.

Nilimkuta ameketi nje kwenye mkeka, karibu na jiko, uteo mapajani, anachambua ndengu. Nilikuwa sijawahi kumwona nje ya nyumba tangu aumie.

"Umekuja kuchukua vitu vilivyobaki?" akauliza, bila kuinua macho.

"Nimerudi."

"Nduku alisema siku tatu. Ya nne nikajua."

Nikapiga magoti, nikamwambia yote, uongo wangu na mkoba wangu. Akaweka uteo kando. Kisha akasema, "Mama Mutheu, mimi nilikuacha kabla hujaniacha. Niliondoka siku ile walinibeba uwanjani. Najua unamtaka yule mwingine. Hata mimi namtaka, kila asubuhi nikiamka."

Hapo tukalia. Tulimlilia yule mchezaji kama watu wanavyolilia marehemu, tukitaja vile alikimbia, vile alicheka. Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa anamlilia peke yake. Tulipomaliza, Baba Mutheu akaomba. Maombi yake yalikuwa mafupi: "Mungu, tusaidie sisi tuliobaki." Nami nilisikia kitu kizito kikitoka kifuani mwangu, na mpaka leo hakijarudi.

Jumapili iliyofuata wazee walimbeba mpaka hapa. Siku hizi yeye na Mutiso wanapigiana simu, na wakianza kubishana juu ya penalti fulani ya zamani, chai inapoa. Mutheu akifunga shule anakaa karibu naye, wanasikiza redio pamoja.

Sitawadanganya. Hatembei. Bado kuna siku anageukia ukuta. Na mkiniuliza kama bado natamani ule mluzi, natamani, hata asubuhi ya leo. Lakini namshukuru Mungu kwa huyu aliye pale, ambaye nilikaribia kumkosa nikimngoja yule aliyekwenda.

Kwa hivyo nawaomba, ndugu zangu. Mpe huyu Yesu uchungu wako, usiufiche. Na kama kuna mtu umemwacha, hata kama mnalala nyumba moja, leo ukitoka hapa, rudi kwake.